Joginder Singh, fundi wa gereji aliyeitwa Simba wa Kenya

Wasomaji wetu wachimbaji, na ninyi mama na watoto mnaowangojea nyumbani, leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye mikono yake ilijua mafuta ya injini miaka mingi mbele ya kushika kikombe cha ushindi. Jina lake Joginder Singh. Alizaliwa Kenya, alifanya kazi ya gereji Kenya, na ku barabara za Afrika Mashariki alishinda mashindano ya magari yaliyoogopwa na madereva wa dunia nzima. Aliyashinda mara tatu: mwaka 1965, mwaka 1974 na mwaka 1976. Watu wakampa jina la Simba wa Kenya.

Tunamuandika juu ya mabishano ambayo hayaishi hapa Majengo. Vijana wanauliza: kati ya michezo yote ya magari, ni upi ulio mtamu kupita mingine? Kuna wanaosema ni Formula 1, juu iko na mbio kali na pesa mingi. Kuna wanaosema ni ile ya Marekani, ambapo makumi ya magari yanazunguka uwanja huku yakisukumana mbavu kwa mbavu. Na kuna wale wanaosema hakuna kinachopita rali. Sisi tunaona kwamba maisha ya Joginder yanajibu mabishano hayo vizuri kuliko maneno ya mtu yeyote.

Tuanze na gari lenyewe, juu njo penye jibu linaanzia. Gari la Formula 1 halina nafasi ya abiria, halina pa kuweka mzigo, na ukilileta ku barabara yetu ya mawe ya volkano halitafika hata mita hamsini. Ni gari la kutazama. Mtu analisifu sawa vile anasifu ndege inayopita juu: ni nzuri, lakini si yake. Gari la kawaida ni kitu kingine. Lile unalijua. Mjomba wako alikuwa nalo, jirani anafanya nalo teksi, wewe mwenyewe umelisukuma kwa matope. Likishinda, ni sawa na mtu wa avenue yenu ndiye ameshinda.

Wamarekani walielewa jambo hilo zamani. Mwaka 1948 kulizaliwa chama chao cha mashindano ya magari ya kawaida, NASCAR. Tarehe 19 Juni 1949, mjini Charlotte, wakafanya shindano la kwanza lenye sharti moja gumu: gari liwe sawa vile limetoka dukani, bila kubadilishwa. Dereva Glenn Dunaway akafika wa kwanza. Wakaguzi wakalala chini ya gari lake, wakaona springi za nyuma zimeongezwa nguvu. Ilikuwa ni gari la kubeba pombe ya magendo, na wafanya magendo ndivyo walivyokuwa wakizifanya springi zao ili gari lisilale chini kwa uzito wa chupa. Ushindi ukanyang'anywa, akapewa Jim Roper aliyefika wa pili. Baba yeyote ambaye amepakia mizigo mingi ndani ya gari ndogo anaelewa mara moja kesi hiyo ilihusu nini. Hakuna haja ya injinia kumuelezea.

Afrika Mashariki nayo ilipata mchezo wake wa gari la kawaida, miaka minne nyuma ya shindano la Charlotte. Lakini wao walifanya kitu ambacho Wamarekani hawakufanya: walikataa uwanja, wakachagua barabara.

Habari yenyewe inaanza na ndugu wawili wazungu walioishi Kenya, Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent. Karibu na Gilgil kulikuwa na uwanja wa mbio ulioitwa Langa Langa. Cecil alimwomba Vincent aje kushindana pale. Vincent akakataa. Kwake yeye, kuzunguka mahali pamoja kutwa nzima ilikuwa ni kazi ya kuchosha, haina maana. Lakini alisema yuko tayari kama watatafuta safari ndefu ya kweli, ya kukata Afrika Mashariki. Kutoka ku neno hilo, mashindano yakazaliwa. Mwaka 1953, kuanzia tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni, magari yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya malkia Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anavikwa taji. Kwa hiyo yakaitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 jina likageuka kuwa East African Safari, na mwaka 1974 likawa Safari Rally, jina ambalo watu wanalijua mpaka leo.

Masharti ya mwaka 1953 yalikuwa mepesi kueleweka. Gari liwe la kawaida, la dukani. Na magari hayakugawanywa kwa nguvu ya injini, yaligawanywa kwa bei. Gari la bei ndogo lilishindana na wenzake wa bei ndogo, la bei kubwa na wakubwa wenzake. Mtu aliyesimama pembeni ya barabara aliweza kujiuliza swali ambalo kila mnunuzi anajiuliza: kwa pesa hii, gari gani haliniachi njiani?

Sasa tumrudie Joginder. Alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, kwenye milima ya majani ya chai, magharibi mwa Kenya. Baba yake alikuwa Singasinga aliyetoka Punjab, India, akafika Kenya kutafuta maisha, akawa fundi wa magari na kufungua gereji yake. Joginder alikuwa mkubwa ndani ya familia ya watoto wengi. Kwa nyumba ya namna hiyo, mtoto mkubwa hakai bure. Alijifunza kufungua injini na kuirudisha sawa vile watoto wa Rubaya wanajifunza kutofautisha mawe: kwa kutazama wakubwa, kwa kupewa kazi ndogo, na kwa kukemewa akikosa.

Kenya ya wakati ule ilikuwa koloni la Waingereza, na watu waligawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa na mtaa wake, shule yake na hospitali yake. Muhindi yake, Mwafrika yake, tena ile ya mwisho. Wenye magari mazuri na muda wa kushindana walikuwa wengi wao ni wazungu wenye mashamba na biashara. Mtoto wa fundi wa Kihindi alikuwa ni mtu wa kutengeneza magari ya wengine. Hakuna aliyemngojea ku mstari wa kuanzia mashindano.

Akiwa kijana alipata kazi kwa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kusaidia wenye magari yaliyokwama. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Kila siku Joginder alikutana na magari ya kila aina yakiwa yamekufa njiani: hili limechemka, hili limevunja springi, lile limeingiza maji ndani ya mfumo wa umeme. Aliona kila gari linaanguka wapi. Alijua kila udongo unavyobeba gurudumu, na unavyolimeza. Madereva wengi wanajifunza namna ya kwenda mbio. Yeye alianza kwa kujifunza sababu ya magari kusimama.

Mwaka 1959 akaingia Safari kwa mara ya kwanza. Kutoka mwaka ule mpaka mwaka 1980 alishiriki mara 22. Namba hiyo mkae nayo, tutairudia mbele.

Mashindano yenyewe yalikwenda namna gani? Yalifanyika wakati wa Pasaka, na si kwa bahati. Pasaka iko ndani ya majira ya mvua kubwa. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa nyanda unakuwa sawa na sabuni. Ikikosa kunyesha, vumbi linafunika kila kitu na dereva haoni gari lililo mbele yake. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita elfu kadhaa, mchana na usiku, kwa siku nne ao tano. Barabara haikufungwa. Malori ya mizigo, baskeli, ng'ombe na punda walikuwa na haki yao ya kupita, na twiga hakujua kama kuna mashindano. Kati ya kituo na kituo gari lilipewa muda wake. Ukichelewa dakika, unaandikiwa adhabu. Mwenye adhabu kidogo ndiye mshindi.

Mnaona vile mchezo huo unageuza maana ya mbio. Ku uwanja, mwenye gari kali anaondoka mbele na mambo yanaisha mapema. Ku Safari, mwenye gari kali anaweza kuongoza siku tatu, kisha daraja moja lililobebwa na maji linamrudisha nyuma ya kila mtu. Mwaka 1963 yalianza magari 84. Yaliyofika mwisho yalikuwa 7. Mwaka 1968 yakaanza zaidi ya 90, na tena yakafika 7 tu. Watu wakawapa hao saba majina ya sifa, wote saba, hata yule aliyefika wa mwisho. Mchezo gani mwingine unampa wa mwisho heshima ya namna hiyo?

Na mtazamaji hakuwa mtazamaji tu. Hakulipa kiingilio. Mashindano yalipita mbele ya mlango wake. Gari likizama ndani ya matope, watu wa kijiji ndio waliolisukuma, na kati ya wasukumaji kuna waliojua kwamba mwaka ujao wataweza kusimulia. Watoto walilala na redio ili kusikia nani amepita wapi. Asubuhi mama aliyekwenda shambani alikuta alama za magurudumu ya mtu anayesikika ku redio ya mji mkuu.

Basi tufike mwaka 1965, mwaka wa Joginder.

Kenya ilikuwa imepata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta magari yake kushindana Safari ya mwaka 1964, pamoja na madereva wake wakubwa kutoka Ulaya, na mambo hayakuwaendea vizuri. Magari yakabaki Kenya. Joginder akachukua moja kati ya hayo. Lilikuwa ni Volvo PV544, lililokwisha kupigwa na mashindano, okazyo kabisa. Tena umbo lake lilikuwa la zamani: lilifanana na magari ya miaka ya 1940, lenye mgongo wa mviringo, na mwaka uleule wa 1965 kiwanda kiliacha kulitengeneza. Mtu wa kiwanda angeliona kama chuma kilichomaliza kazi. Joginder aliliona kwa macho ya fundi. Alilifungua, akakagua kila kitu, akabadilisha kilichochoka, akakaza kilicholegea. Aliondoa matatizo ndani ya gereji ili yasimngojee porini.

Mwenzake ndani ya gari alikuwa ni mdogo wake, Jaswant. Ndugu wawili wa tumbo moja, wote wamevaa vilemba, ndani ya gari la mtu mwingine lililokwisha kutupwa. Walipewa namba moja ya kuanzia, maana yake wao ndio walifungua njia kwa wote. Hakuna alama ya gurudumu mbele ya kuwaonyesha matope ni marefu kiasi gani. Lakini pia hakuna vumbi la mtu mwingine. Walitoka wa kwanza, wakarudi wa kwanza, na waliofuata walikuwa mbali nyuma. Ilikuwa ni mara ya kwanza Safari kushindwa na mtu mwenye asili ya Asia.

Sisi tunafikiri ni vizuri kueleza kile ushindi huo ulimaanisha, juu haukuwa tu wa gari. Nyuma ya uhuru, ndani ya Kenya, Uganda na Tanzania, swali moja lilikuwa linasumbua: Wahindi ni watu wa hapa, ao ni wageni? Wengi walikuwa wamezaliwa pale, baba zao wamezikwa pale, lakini kila siku waliulizwa karatasi. Mwaka 1968 maelfu ya Wahindi wa Kenya walikimbilia Uingereza kwa haraka, juu sheria zilikuwa zinabadilika huku na kule. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wa Uganda, akawapa siku 90. Hapa Kivu hatuna haja ya kuelezewa kile swali la nani ni wa hapa linaweza kufanya ndani ya inchi. Tumelipa bei yake, na tunailipa bado.

Lakini ku barabara ya Safari mambo yalikuwa ingine. Mkulima wa Kiafrika aliyesimama na watoto wake akingojea lile Volvo hakuuliza karatasi ya Joginder. Alijua kwamba mtu huyu anajua barabara ile sawa vile yeye anaijua. Kwamba amekula vumbi lile lile na kusukuma matope yale yale. Na kwamba wakubwa wa Ulaya wamekuja na mali yao yote na yeye amewapita. Njo maana watu walimwita Simba wa Kenya. Hawakusema simba wa Punjab. Jina Singh lenyewe maana yake ni simba, lakini lile neno la pili, wa Kenya, alipewa na watu wa barabarani. Huko Ulaya wakamwita Singasinga anayeruka. Jina zuri, lakini la kwanza ndilo lenye uzito.

Alipata mwenzake kwa habari hiyo, Shekhar Mehta. Mehta alizaliwa Uganda, akaondoka wakati wa Amin, akaenda Kenya. Mwaka 1973, mwaka mmoja tu nyuma ya kufukuzwa, akashinda Safari kwa Datsun 240Z. Alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979 mpaka mwaka 1982. Mtu ambaye inchi moja ilimkataa, barabara ya inchi ya pili ilimpokea.

Wakubwa wa Ulaya hawakukubali kushindwa. Kila mwaka walirudi na magari mengi zaidi, mafundi wengi zaidi, ndege za kutazama njia kutoka juu. Ilichukua miaka 19 kutoka mwaka 1953 mpaka dereva wa kwanza aliyetoka ng'ambo ashinde: Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, na gari la Ford Escort. Miaka yote mbele ya hapo, washindi walikuwa watu wanaoishi Afrika Mashariki. Ku mchezo gani mwingine wa magari mkaaji wa mahali aliweza kuzuia kampuni kubwa za dunia muda mrefu hivyo? Ku uwanja, pesa inanunua mbio. Ku barabara, kuna vitu ambavyo pesa inachelewa kununua: kujua kwamba mto huu ukipiga kelele hivi usiuvuke sasa, ngoja kidogo; kujua kwamba matope haya ukisimama umekwisha, yale mengine ukikimbia umekwisha.

Mwaka 1970 Joginder alimaliza wa pili na Datsun. Kisha akaja mwaka 1974. Safari ilikuwa sasa ndani ya ubingwa wa dunia, tangu mwaka uliotangulia. Porsche 911 ya Björn Waldegård wa Sweden ilikuwa inaongoza, gari lenye nguvu kuliko lile la Joginder kwa mbali. Joginder, akiwa na mwenzake David Doig, alikuwa na Mitsubishi Colt Lancer, gari dogo la familia ambalo wengi hawakulijua. Safari ikaelekea mwisho, Porsche ikapata shida ya chini, ku springi na vyuma vyake, ikapoteza muda. Joginder akapita. Lancer la kwanza, Porsche la pili.

Kuna watu watasema ni bahati. Sisi hatukubali, na kila motari anayeshuka na mizigo kutoka Masisi wakati wa mvua atatuunga mkono. Anayefika na moto nzima hajapewa bahati. Ni yule aliyepunguza mwendo pale jiwe lilipo, aliyekagua cheni asubuhi, aliyejua mzigo huu na hii barabara haviendi pamoja na haraka. Porsche ilivunjika juu iliendeshwa kwa nguvu ambayo barabara ile haikubali. Lancer lilifika juu dereva wake aliyasikia maumivu ya chuma mbele chuma hakijavunjika. Huo ni ujuzi, hata kama hauna diploma.

Mwaka 1976 alirudi tena na Lancer na Doig, na mara hii hakukuwa na mabishano. Mitsubishi ilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu: Joginder wa kwanza, Robin Ulyate wa pili, Andrew Cowan wa tatu. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Alikuwa na umri wa miaka 44, umri ambao madereva wengi wa uwanja wamekwisha kukaa nyumbani. Ushindi huo ulisaidia sana jina la Mitsubishi kukaa ndani ya masikio ya watu wa Afrika. Msomaji anayeona Fuso zikipanda kutoka Sake zimebeba viazi na mbao, ajue kwamba ni jina la nyumba hiyohiyo. Mtu hununua chuma anachoamini, na imani hiyo ilijengwa na watu walioona kwa macho yao gari likitoka ku matope.

Hapa tuseme haki ya upande wa pili. Wanaopenda Formula 1 wako na sababu zao. Mule kuna ufundi wa juu kabisa, na dereva anafanya maamuzi kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Wanaopenda NASCAR wako na sababu pia: unakaa kiti kimoja na kuona shindano lote, gari kwa gari, mwanzo mpaka mwisho. Ku rali unangojea saa mbili, gari linapita kwa sekunde tano, unabaki na vumbi. Na tukubali pia kwamba hata lile gari la kawaida halikubaki la kawaida. Miaka ilivyokwenda, huko Marekani na huku Afrika, chini ya ngozi ya gari la dukani mafundi waliweka vitu ambavyo hakuna mnunuzi atavipata dukani. Njia nayo ilifupishwa: katikati ya miaka ya 1970 Safari iliacha kuvuka mipaka, ikabaki ndani ya Kenya. Mwaka 2002 ikatoka ndani ya ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021, na makao yake ni Naivasha.

Lakini kile kinachowavuta watu hakijageuka. Wanataka kuona kitu wanachokijua kikijaribiwa mahali wanapopajua, na mtu wanayemjua akionyesha kwamba inawezekana. Mchezo unaotazamwa na wenye kazi ngumu unakuwa mtamu pale ambapo kazi ngumu ndani yake inaonekana. Ku Safari unaona dereva anashuka, anaingia matope mpaka goti, anabadilisha gurudumu, anaweka mawe chini ya tairi. Anachafuka. Anachoka. Anafanya vile na wewe unafanya siku ya kazi, na hakuna anayemcheka kwa uchafu wake. Uchafu ule ule njo unapigiwa makofi.

Joginder aliacha kushindana nyuma ya mwaka 1980. Alikufa London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Kenya ilimlilia kama mtoto wake, na wazee waliokuwa watoto mwaka 1965 walianza tena kusimulia lile Volvo lenye mgongo wa mviringo.

Sasa tuirudie ile namba. Mara 22 alianza Safari. Mara 3 alishinda. Watu wengi wanakumbuka zile tatu. Mafundi wanakumbuka nyingine: kati ya mara 22, alifika mwisho mara 19. Ndani ya mashindano ambayo mwaka mmoja magari 84 yanaanza na 7 yanafika, yeye alifika mara 19. Kikombe kinategemea pia wengine wamefanya nini. Kufika kunategemea vile ulivyotayarisha gari, vile ulivyosoma njia, na vile ulivyojizuia siku ambayo moyo ulikuwa unataka mbio.

Tunawaandikia watu ambao kila juma wanashuka chini ya ardhi na kila juma mke na watoto wanahesabu saa. Ninyi mnajua thamani ya mtu anayefika kuliko mtu anayekimbia. Mnajua kwamba kiongozi mzuri wa kirimba si yule anayejisifu kuchimba haraka, ni yule ambaye watu wake wote wamepanda juu jioni. Vijana wa Majengo waendelee kubishana juu ya Formula 1 na NASCAR. Mabishano ni chumvi ya siku ya yenga. Lakini wakitaka kujua juu ya nini wazee wa Afrika Mashariki walisimama ndani ya mvua kungojea gari la kawaida lipite, wahesabu pamoja nasi: 22 kwa 19.